Anko Phil sebuleni Ngamiani, Tanga: uzoefu wangu na seti nzima ya The Fresh Prince of Bel-Air

Kaka yangu aliyeko Uingereza aliponiuliza nataka zawadi gani, nilimwambia asihangaike na manukato wala mikoba, aniletee tamthilia ya vichekesho ya The Fresh Prince yote, sizoni ya kwanza hadi ya sita, kwenye DVD. Akaleta. Sehemu 148, kila moja dakika ishirini na kitu, na tumezimaliza zote jioni baada ya isha, mimi, wanangu na mtoto wa dada yangu ambaye anakaa kwangu kwa ajili ya shule. Nawaandikia watu wa rika langu wanaojiuliza kama kile tulichokipenda utotoni bado kina ladha. Kinayo, na mahali pengine imezidi.

Nianze na diski zenyewe. Deki yangu ni ya kawaida tu na ilizisoma zote isipokuwa moja iliyokuwa inakwamakwama, nikaifuta kwa kitambaa laini ikatulia. Picha zilipigwa kwa tivii za zamani, kwa hiyo kwenye skrini bapa za sasa unapata utepe mweusi kushoto na kulia. Uache ulivyo. Ukiivuta picha ijaze kioo, watu wote wanakuwa wafupi na mabega mapana. Maandishi ya chini ya Kiswahili hayapo, na mama mkubwa akija kututembelea ilinibidi nimtafsirie, kazi ile ile niliyoifanya nikiwa kidato cha pili.

Kwa vijana wasioijua: Will, aliyeigizwa na Will Smith, ni kijana wa Philadelphia. Anaingia kwenye ugomvi mtaani, mama yake anapata hofu, anamfungashia virago aende California kwa dada yake aliyeolewa na mwanasheria tajiri, Philip Banks, ndiye Anko Phil. Huko kuna mabinamu watatu, Hilary, Carlton na Ashley, na mtumishi wa nyumba, Geoffrey, mwenye ulimi mkali kuliko wenye nyumba. Ilianza kurushwa Marekani Septemba 1990 ikaisha Mei 1996. Wazo lake lilitoka kwenye maisha ya kweli ya Benny Medina, mtu wa biashara ya muziki, ambaye ujanani alichukuliwa na familia yenye uwezo kule Beverly Hills, na Quincy Jones alikuwa miongoni mwa watayarishaji.

Bara tulipata televisheni mwaka 1994, Zanzibar wakiwa wametutangulia kwa karibu miaka ishirini. Sisi wa Tanga tulikuwa na bahati ya kukaa pembeni ya bahari na jirani na Kenya. Ukiwa na mlingoti mrefu na mtu mwenye subira ya kuuzungusha, ulinasa vituo vya watu kabla hujapata vyako.

Lakini siyo antena iliyotufanya tuipende. Mtoto kupelekwa kwa ndugu akasome, Mtanga gani hajui? Mimi nilitolewa Pangani nikaletwa Ngamiani kwa mama mkubwa. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, mimi nilikuja nikabaki. Aliyelelewa kwa ndugu anaijua ile hali. Unapendwa, hunyimwi kitu, ila chakula hupakui wa kwanza, na ukitoka bafuni unajiuliza kama maji uliyotumia siyo mengi mno. Will anavaa kofia kimgongomgongo, anageuza koti la sare ya shule ndani nje, anapiga makelele, lakini ukimwangalia vizuri anapofanya kosa kubwa, jicho lake linakwenda mlangoni. Anaogopa kurudishwa. Utotoni nililiona hilo bila kujua ninaona nini, nikawa nampenda tu.

Mume wa mama mkubwa, aliyekuwa karani bandarini, hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Jambo lililomshinda ni Anko Phil kumrusha Jazz, rafiki yake Will, nje ya mlango. Baadaye tuligundua kwamba Jazz akiingia na lile shati lake fulani ujue atarushwa, maana walikuwa wanarudia picha ile ile. Baba mkubwa akiliona shati anaweka kikombe chini kabisa ajiandae. Mwanangu mdogo naye kalishika shati bila kuambiwa na mtu.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo peke yake inatosha kukufanya uitafute seti hii. Iko sizoni ya nne, ya mwaka 1994. Baba yake Will, dereva wa lori aitwaye Lou, anatokea baada ya miaka 14. Will anasahau yote, anapanga kusafiri naye, hata zawadi keshamnunulia. Anko Phil anaona mapema kinachokuja, anamwambia Lou kwamba Will si koti la kutundika kabatini ulichukue siku ukijisikia kulivaa. Lou anaondoka kwa mara ya pili. Will anaanza kwa kujikaza, anasema hajali, anahesabu aliyojifunza bila baba, kunyoa ndevu, kuendesha gari, kucheza mpira wa kikapu, sauti inazidi kupanda, halafu anageuka na kuuliza, "Kwa nini hanitaki?" Anko Phil hana jibu. Anamkumbatia tu. Kamera inawaacha, inahamia kwenye ile zawadi, sanamu ya baba na mtoto. James Avery, aliyemwigiza Phil, amesimama pale karibu bila kusogea na kila kitu kiko usoni kwake. Alifariki tarehe 31 Desemba 2013 na mimi nililia kama nimefiwa na mtu wa ukoo.

Tulipofika hapo mtoto wa dada yangu alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Alipanda juu ya kochi akakaa upande wa mume wangu. Hakuna aliyesema neno, nikaweka sehemu inayofuata.

Nyingine niliyoiona upya ni ile ya sizoni ya kwanza ambapo Will na Carlton wanasimamishwa na polisi wakiwa na Mercedes ya mtu, wanashikwa kama wezi kwa sababu ya ngozi yao, na Carlton, mtoto wa kitajiri anayeamini kila kitu kina utaratibu, anabaki mwisho anamwuliza baba yake kama polisi walikosea kweli. Wakati ule tulicheka mavazi yao tukapita.

Siyo zote nzuri. Sizoni za mwisho zina sehemu zilizojazwa vipande vya sehemu za nyuma, unajihisi umeibiwa dakika zako. Mtoto mdogo wa mwisho, Nicky, sizoni hii mchanga, sizoni ijayo anakimbia na anajibu watu. Utani wa unene wa Anko Phil unarudiwa mpaka unachosha. Na wazazi wenzangu mjue, kuna kubusiana na maneno ya kuwafukuzia wasichana ambayo hayafai kuangaliwa mbele ya wakwe. Wanangu wa darasa la tano na la saba niliwaacha waangalie nikiwepo, wakiuliza nikawajibu.

Bado lipo suala la mama mwenye nyumba. Vivian wa sizoni tatu za kwanza ni Janet Hubert, wa sizoni zilizobaki ni Daphne Maxwell Reid. Sizoni ya nne inapoanza Jazz anamwambia tangu ajifungue amebadilika, Will anaikodolea macho kamera, na mambo yakaendelea. Daphne ni mpole na mzuri, simlaumu. Ila Janet alikuwa mwalimu kweli kweli, mwanamke mwenye msimamo wake, na ile sehemu anatimiza miaka 40 anaingia kwenye darasa la dansi na wasichana wadogo wanaomdharau, akawatoa jasho, naomba kila mwanamke wa umri wangu aitafute. Walipokutana tena waigizaji mwaka 2020, yeye na Will Smith walikaa kitako wakazungumza ugomvi wao wa miaka 27, wakapatana. Niliangalia kwenye simu, nikafurahi kana kwamba ni kikao cha ukoo wetu.

Mama mkubwa nilimweleza yote hayo, ugomvi na suluhu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema suluhu ni jambo la heri, halafu akaniamuru nitoe ile diski ya sizoni ya nne nirudishe ya pili, kwa sababu huyo wa sasa yeye hamfahamu na nyumba ile ina mwenyewe.