Kozi ya kujiandaa na EPPP (mtihani wa leseni ya mwanasaikolojia Marekani): nimeitumia miezi 9, nimefanya mtihani mara 2, haya ndo niliyoyaona

Juzi mdogo wangu mmoja, siyo wa tumbo moja ila wa Tanga mwenzangu, yuko mwaka wa nne wa PhD ya saikolojia ya kliniki kule Minnesota, kanipigia simu. Shikamoo dada, marahaba, hata hatujamaliza kujuliana hali akaniuliza, dada ile kozi ya mtihani wa leseni uliyonunua na mimi ninunue? Wameshaanza kumtumia imeili za punguzo, mwisho Ijumaa, baada ya hapo bei inapanda. Nikamwambia usilipe kitu, ngoja nikuandikie, manake si yeye tu, wengi wananiuliza na kwenye simu huwa nasahau nusu ya mambo. Jina la kampuni siliandiki. Naandika walichoniuzia na kilichonisaidia, na pale waliponiangusha nitasema pia.

Kwa ambaye hajui hii njia ilivyo. Huku Marekani ukimaliza PhD au PsyD (udaktari wa saikolojia unaoegemea zaidi kazi ya kliniki) bado huwezi kufungua kliniki yako ukajiita mwanasaikolojia. Unasoma miaka 5 mpaka 7, humo ndani kuna darasa, wateja wa kliniki ya chuo, tasnifu, alafu mwaka mzima wa intenshipu ambayo haupangiwi na chuo, unaomba kupitia APPIC, chama cha vituo vya intenshipu za saikolojia, wewe unapanga vituo unavyovitaka, vituo navyo vinawapanga waombaji, kompyuta inalinganisha, Februari ndo unajua unahamia mji gani. Mimi ndo ilivyonileta Texas, sikuwa na mtu hata mmoja huku. Texas wanataka masaa 3,500 ya kazi chini ya msimamizi, angalau 1,750 yawe ya intenshipu na mengine 1,750 baada ya kuhitimu. Juu ya hayo yote ndo kuna EPPP, mtihani wa ASPPB, umoja wa bodi za leseni za saikolojia, ambao majimbo yote wanautumia, na jimbo likipenda linaongeza mtihani wake wa sheria.

EPPP yenyewe ni maswali 225 ya kuchagua, masaa 4 na robo. Piga hesabu, ni kama sekunde 68 kwa swali. Maswali 50 kati ya hayo hayahesabiwi, wanayajaribisha tu kwa mitihani ijayo, ila hujui ni yapi kwahiyo unajibu yote kwa jasho lile lile. Alama zinaenda 200 mpaka 800 na kufanya kazi bila msimamizi unatakiwa upate 500.

Mi nilinunua pakeji kubwa kabisa, zaidi ya dola 1,000, na hapo nilikuwa nalipwa mshahara wa mafunzo, ile hela nimeikusanya miezi mingi na nilishaahidi kutuma nyumbani kwa ajili ya paa la mama. Naisema hii ili mtu ajue naposema kitu fulani hakina thamani namaanisha nini. Ndani ya pakeji kulikuwa na vitabu, masomo ya kusikiliza, benki ya maswali, mitihani ya majaribio na ratiba ya kusoma.

Nianze na kilicho kizuri na nitakaa hapo, kwa sababu ni kizuri kweli. Benki ya maswali. Siyo wingi wa maswali, ni maelezo yake. Ukijibu wanakuonyesha kwa nini jibu sahihi ni sahihi, na kila jibu lingine kwa nini siyo, moja moja. Mi nilikuwa nafikiri nakosa kwa sababu sijui. Nikanunua daftari, kila nililokosa naandika swali kwa kifupi, nilichochagua, na sababu iliyonifanya nichague. Baada ya wiki tatu nikalisoma lile daftari tangu mwanzo na nikashika kichwa, kwa sababu zaidi ya nusu ya makosa yale kitu chenyewe nilikuwa nakijua vizuri, sikusoma swali.

Nitoe mfano, huu nautunga mwenyewe lakini ndo aina yake. Mama wa miaka 41 amekuja kliniki, huzuni miezi miwili, amechoka kila saa, uzito umeongezeka, anahisi baridi wakati wenzake wanalalamika joto, kazi haimpi raha tena. Mwanasaikolojia afanye nini kwanza? Majibu: aanze tiba ya CBT (ya mazungumzo, ya kubadilisha fikra na tabia), ampime kwa fomu ya dalili za huzuni, ampeleke kwa daktari akaangaliwe afya ya mwili, amuulize kuhusu ndoa yake. Mi ningekimbilia CBT, ndo kazi ninayoifanya kila siku na naiamini. Lakini swali limesema KWANZA, na uchovu na uzito na baridi vikikaa pamoja hivyo inaweza kuwa tezi ya thairoidi haifanyi kazi vizuri, na huwezi kuanza kutibu huzuni ya moyo kabla hujajua kama mwili ndo unaoumwa. Sasa ile benki haikuambii tu jibu ni daktari. Inakuambia CBT siyo kosa, ila siyo sasa hivi. Hiyo "siyo sasa hivi" ndo imenipa leseni, kwa kweli. Na imenifuata mpaka kazini, sasa hivi mteja mpya akija namuuliza lini mara ya mwisho amepimwa damu kabla sijamuuliza mengine.

Kwahiyo benki ya maswali nyota 5, sina maneno.

Ratiba sasa. Ratiba yao imegawa maeneo 8 ya mtihani wiki sawa sawa kwa kila eneo, inapendeza kwa macho, lakini mtihani haugawi sawa. ASPPB wenyewe wametoa mgawanyo na uko wazi kwa kila mtu: maadili na sheria asilimia 16, upimaji na utambuzi wa magonjwa 16, tiba 15, halafu utafiti na takwimu 7 tu. Mi nilifuata ratiba nikampa takwimu muda ule ule niliompa utambuzi, tena nikaongeza, kwa sababu takwimu ndo iliyokuwa inanitisha. Siku ya mtihani nikakuta kila ninapogeuka ni upimaji na maadili. Mtu amelipa hela yote hiyo, kazi ya kuangalia asilimia ni yao, siyo ya mwanafunzi anayetoka kazini saa moja usiku.

Masomo ya kusikiliza nilikuwa nasikiliza kwenye gari asubuhi, foleni ya Houston ya barabara ya 10, dakika 50 kwenda na 50 kurudi. Msomaji anasoma kitabu kile kile neno kwa neno bila kupumua. Nilimaliza yote na ukiniuliza jioni nilisikia nini asubuhi, sina. Labda kwa mtu aliyekulia huku inaingia, lakini mimi kitu nikikisikia kwa Kiingereza cha haraka lazima nikigeuze kichwani, nikimaliza kukigeuza yeye ameshafika kwa Piaget, yule wa ukuaji wa akili ya mtoto. Nilichokuja kufanya, nilijirekodi mwenyewe kwenye simu, Kiswahili, kama namfundisha mtu. Hatua za Erikson za ukuaji wa mtu, dalili za sumu ya lithiamu (ile dawa ya magonjwa ya akili), tofauti ya kosa la aina ya kwanza na la pili kwenye takwimu. Dakika 5 kila moja. Zile ndo zilikaa. Nyota 1 kwa masomo yao, na kama kuna pakeji isiyo na hayo masomo chukua hiyo.

Vitabu vina shida moja kubwa na hii imeniuma. Toleo nililotumiwa lilikuwa la zamani kwa baadhi ya sura. DSM-5-TR, kitabu cha Marekani cha kutambua magonjwa ya akili, imetoka 2022 na imeleta ugonjwa wa maombolezo ya muda mrefu, kwa mtu mzima ni pale msiba umepita angalau miezi 12 na bado mtu hawezi kuishi kama kawaida, ananyong'onyea karibu kila siku, na inazidi kile ambacho mila na dini yake vinategemea. Kwenye kitabu changu haikuwepo kabisa. Na hiyo sehemu ya mila na dini ndo sehemu ambayo mtu wa kwetu angetakiwa aielewe kuliko wote, sisi tuna arobaini, tuna eda ya miezi minne na siku kumi, mjane kukaa ndani siyo dalili, ni heshima, na mtu kusema nimemuota marehemu ameniambia hivi na hivi siyo kichaa. Niliandika imeili kwao, wakanijibu baada ya siku 11 kwamba marekebisho yapo onlaini, nikaingia, nikakuta ukurasa mmoja.

Halafu sheria. Kozi inafundisha kesi ya Tarasoff ya California, 1976, kwamba mteja akitishia kumdhuru mtu fulani mtaalamu ana wajibu wa kumlinda yule mtu. Sawa, kwa EPPP unatakiwa uijue. Lakini hawakusema hata kwa mstari mmoja kwamba siyo kila jimbo wamelichukua hilo. Huku Texas, mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilikataa mwaka 1999 kwenye kesi ya Thapar na Zezulka, sheria ya hapa inakuruhusu kutoa taarifa kwa polisi au kwa wahudumu wa afya, haikupi wajibu wa kumpigia simu anayetishiwa. Sasa fikiria mtu ametoka kwenye hii kozi na Tarasoff kichwani, anakaa na mteja Houston, mteja anasema kitu, yeye anainua simu anampigia mtu wa nje. Anaweza akawa amevunja siri ya mteja wake na leseni yenyewe hata mwaka haina. Hii mi msimamizi wangu ndo alinifundisha, tumekaa naye saa nzima na kikombe cha chai, akanichorea kwenye karatasi: wajibu huku, ruhusa huku. Ile karatasi bado ninayo. Kwahiyo kila mtu asome sheria za jimbo lake kutoka kwenye bodi ya jimbo lake, asitegemee kozi.

Mara ya kwanza nilipata 478. Nilitoka kituoni nikakaa kwenye gari nusu saa sijawasha injini. Kituo chenyewe wanakupiga picha, unageuza mifuko, miwani wanaiangalia, vitu vyote kwenye kabati, na ukienda chooni saa haisimami, nikijua hilo mapema nisingekunywa maji vile. Kulipia tena ni dola 600 za mtihani na ada ya kituo juu yake. Nikakumbuka dhamana yao, wameandika kubwa kabisa kwenye tovuti, ukifeli tunakuongezea muda bure. Kumbe masharti ni uwe umemaliza mitihani yote ya majaribio, na ya mwisho uwe umevuka asilimia waliyoweka wao. Mi nilibakiza mmoja. Wakanikatalia, nikalipia miezi mitatu mingine. Haya masharti yalikuwepo, sikatai, lakini yalikuwa mbali sana na yale maandishi makubwa, na mtu aliyefeli ndo wakati ambao anahitaji mkono. Hapo ndo nimewatoa nyota moja nzima.

Ile miezi mitatu sikufungua kitabu wala kusikiliza kitu. Maswali 40 kila usiku kwa saa, daftari la makosa, Jumamosi nalisoma daftari lote, na rekodi zangu za Kiswahili kwenye gari. Muda niliupanga kwa asilimia za ASPPB. Nikapata 546.

Kitu kingine, usiuziwe pakeji ya sehemu ya pili kwa kutishwa. Ile EPPP ya pili ya ujuzi ilianza 2020 kwa majimbo yaliyotaka, walikuwa wailazimishe kwa wote Januari 2026, lakini Oktoba 2024 ASPPB wakasitisha huo mpango na wakasema wanatafuta kuunganisha iwe mtihani mmoja. Mi nilikuwa naambiwa nunua sasa bei itapanda. Piga simu bodi ya jimbo lako kwanza.

Na wewe mdogo wangu uko mwaka wa nne, usinunue chochote saa hizi. Muda wa kuitumia ungekuisha hata intenshipu hujaanza. Maliza tasnifu. Ukishaanza yale masaa ya baada ya kuhitimu, wakati darasa halijapoa kichwani, nunua benki ya maswali peke yake miezi mitatu au minne, waulize kwa imeili kama wanaiuza peke yake, kwenye tovuti wameificha chini kabisa lakini ipo na ni kama theluthi ya bei. Waulize pia DSM-5-TR imeingia kwenye maswali yote au la, na jibu lao ulihifadhi.

Kwa jumla nimewapa nyota 3. Wakibadilisha ratiba na kuyaleta yale masharti ya dhamana juu, karibu na bei, nitarudi niongeze ya 4. Daftari langu nalituma Minnesota wiki hii, lina kurasa 190, usiliazime mtu kabla hujamaliza kulisoma.