Kuoshewa mfumo wa joto na kufungiwa kichujio cha sumaku: uzoefu wangu Milton Keynes

Naandika haya kwa yeyote anayeishi Uingereza kwenye nyumba yenye boila ya gesi na rejeta ukutani (yale mabamba ya chuma yanayopitisha maji ya moto ili kupasha chumba), anayewasha joto saa kumi na moja jioni na mpaka anakwenda kulala nyumba bado haijakolea. Huduma ninayoizungumzia ni kuosha mfumo mzima wa maji ya joto na kufunga kichujio cha sumaku, kinachonasa chembe za kutu, kwenye bomba linalorudisha maji kwenye boila. Nilimlipa fundi wa kujitegemea pauni 480, dawa na kichujio vikiwa humo humo. Nampa nyota nne kati ya tano.

Nyumba yetu ni ya miaka ya 1980, kama zilivyo nyingi katika mji huu ulioanzishwa mwaka 1967, na mabomba yanayopeleka maji kwenye rejeta ni yale membamba ya milimita 10. Boila ni ya kombi, yaani moja inayopasha rejeta na pia maji ya bomba bila tangi, ya kilowati 24. Sebule ilikuwa ikipata joto la kuridhisha, jikoni vuguvugu, na chumba cha nyuma ghorofani kilikuwa hakivuki nyuzi 17 hata joto likiwaka jioni nzima. Kingine kilichokuwa kikinisumbua ni boila yenyewe: inawaka dakika chache, inazima, inawaka tena, inazima. Gesi inakwenda, nyumba haipati kitu.

Mama yangu alikuja kutoka Tanga kukaa nasi, na chumba hicho cha nyuma ndicho alichopewa. Alikuwa akikaa na kanga zake mbili na blanketi, mikono ameiweka kwenye rejeta. Siku moja akaniambia, “Mwanangu, hili dude lenu mbona lina moto juu tu? Huku chini baridi kama mtungi.” Nikapapasa. Juu palikuwa pa moto kiasi cha kutoweza kuacha kiganja, na ukishuka chini, hasa katikati, baridi tupu.

Hapo ndipo penye siri yote. Rejeta ikiwa baridi juu na moto chini, ina upepo ndani. Unachukua ufunguo wake mdogo, unalegeza nati ya pembeni, upepo unatoka kwa mluzi mpaka maji yaanze kuchirizika, unafunga, kisha unaangalia kama geji ya shinikizo la maji kwenye boila bado iko kati ya bar 1 na 1.5 mfumo ukiwa umepoa. Ikiwa moto juu na baridi chini, kuna tope. Maji ya mfumo huu hayatoki nje. Ni yale yale yanazunguka miaka na miaka ndani ya rejeta za chuma. Dawa ya kuzuia kutu ikiisha nguvu, chuma kinaliwa kidogo kidogo na kugeuka unga mweusi, mzito, unaotulia chini ya rejeta na kwenye kona za mabomba. Na kwenye bomba la milimita 10, unga huo hauhitaji kuwa mwingi ili maji yapite kwa taabu.

Kabla ya fundi huyu niliita kampuni moja iliyokuwa ikitangaza ukaguzi wa bei nafuu. Kijana wao alifungua boila, akatazama, akasema imechoka, tununue kubwa zaidi, na makadirio yakaja kwa barua pepe jioni ile ile: zaidi ya pauni elfu mbili. Sikukubali, na sababu yangu ilikuwa moja tu: maji ya bafuni yalikuwa yanatoka moto bila shida. Kwenye boila ya kombi kazi nzito kuliko zote ni kupasha maji ya bomba papo hapo, na kilowati zile 24 zimewekwa kwa ajili hiyo. Kupasha rejeta za nyumba ya kawaida hakuhitaji hata nusu yake. Kama moto unatosha kuoga, moto upo. Kinachokosekana ni njia ya kuufikisha vyumbani. Ndiyo maana boila ilikuwa ikizima haraka: joto halina pa kwenda, maji yanarudi yangali moto, nayo inajizima kujilinda. Isitoshe, watengenezaji wa boila hutaka mfumo uoshwe kwanza kabla ya kufunga mpya, la sivyo dhamana inakuwa mashakani. Ningelipa elfu mbili na bado tope lingekuwepo.

Fundi wa pili nilimtafuta kwenye orodha ya Gas Safe, ambayo tangu 2009 ndiyo rejista rasmi ya mafundi wa gesi. Mwombeni fundi kadi yake na muigeuze nyuma. Huko ndiko kazi anazoruhusiwa kufanya zimeandikwa. Hakugusa boila kwanza. Alichota maji ya rejeta ya chumba cha nyuma kwenye chupa ya kioo, yakatoka meusi kama chai ya rangi iliyolala, akabandika sumaku ndogo ubavuni mwa chupa. Tukasubiri kidogo. Chembe nyeusi zikaanza kusogea zenyewe, zikajikusanya pale sumaku ilipo mpaka zikafanya duara kamili. Mama alimwita na mjukuu aje aone.

Kwa sababu ya mabomba membamba hakutaka kutumia mashine ya kusukuma maji kwa nguvu zote. Alitia dawa ya kulainisha tope, akauacha mfumo uzunguke siku kadhaa, akarudi kuosha rejeta moja moja huku nyingine zimefungwa, akizigongagonga kwa nyundo ya mpira. Alinionya mapema kwamba rejeta kuukuu iliyoliwa na kutu huweza kuvuja baada ya kuoshwa, kwa kuwa pengine tope ndilo lililoziba tundu. Yetu haikuvuja, lakini nilipenda kuambiwa kabla. Mwisho akafunga kichujio, kitu ambacho kiwango cha Uingereza BS 7593 cha mwaka 2019 kinakitaka, akamalizia na dawa ya kuzuia kutu na kubandika karatasi yenye tarehe kando ya boila.

Chumba cha mama sasa kinafika nyuzi 20 kwa muda usiozidi saa moja hivi. Rejeta ni moto juu hadi chini. Boila inawaka kwa utulivu, muda mrefu, bila ule mchezo wa kuzima na kuwaka.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu aliondoka bila kusawazisha mtiririko. Maji hupenda njia fupi, kwa hiyo rejeta iliyo karibu na boila hushiba na ya mbali hungoja makombo. Nilifanya mwenyewe. Upande wa pili wa kila rejeta, mbali na ile valvu yenye namba, kuna valvu nyingine chini ya kifuniko cha plastiki. Ya chumba cha mbali niliiacha wazi kabisa, za karibu nikazibana na kuzifungua robo mzunguko tu, kisha nikapima mabomba mawili ya kila rejeta kwa vipimajoto vya kubana: nilitaka lile la kutoka lipoe kwa takribani nyuzi 12 kuliko la kuingia. Ni kazi ya jioni nzima na inahitaji subira, maana ukigusa moja nyingine zinabadilika. Gharama yake ni spana na vipimajoto tu.

Baada ya hapo nilishusha pia joto la maji yanayotoka kwenye boila kutoka 75 hadi 60. Boila za siku hizi huvuna joto la ziada kutoka kwenye mvuke wa moshi pale maji yanaporudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi, na kabla ya kuoshwa nisingethubutu kushusha. Wenye tangi la maji ya moto wawe waangalifu: tangi lenyewe linapaswa kufika nyuzi 60 ili vijidudu visizaliane humo.

Kichujio kilifunguliwa wakati wa sevisi ya mwaka na sumaku ikatoka imevaa tope zito jeusi, kwa hiyo bado kinafanya kazi. Mkimwita fundi, mwambieni aandike kusawazisha rejeta kwenye makadirio kabla hamjakubaliana bei.