Injini mpya ya bei nafuu kwa trakta ndogo: gani ununue Nairobi na gani uachane nayo

Ukifika Kirinyaga Road, ile wengi bado tunaita Grogan, uulize injini ya trakta ndogo, swali la kwanza utaulizwa ni unataka hosipawa ngapi. Usikimbilie kujibu. Hosipawa ndiyo kitu cha mwisho cha kuangalia. Cha kwanza ni shafti, kile chuma kinachozunguka kutoka kwa injini, cha pili ni mizunguko kwa dakika, cha tatu ni kama spea zake ziko kwa kila duka ama ziko kwa mtu mmoja tu mwenye anajua hauna pengine pa kwenda. Mtu akishika hizo tatu, hata injini ya Kichina ya bei ya chini itamfanyia kazi ya maana.

Lakini kabla ya pesa kutoka mfukoni jua trakta yako imejengwa vipi. Pawa tila za mkono, zile mashine za kulima unazotembea nyuma yake, na zile trakta ndogo zinaendeshwa na belti, injini imekaa tu juu ya fremu na bolti nne, unatoa hii unaweka ile. Trakta ndogo za Japani, Kubota, Yanmar, Iseki, hizo ni mambo mengine kabisa juu kwa nyingi zao injini ndiyo uti wa mgongo, ekseli ya mbele imefungwa kwake na nyuma imeshikana na giaboksi, ukiitoa trakta inakatika vipande viwili. Na kwa Kubota nyingi pampu ya haidroliki inazungushwa na gia za injini yenyewe, kwa hivyo ukilazimisha injini ingine hapo hata jembe halitainuka. Kama yako ni hiyo, fungua injini, ubadilishe ringi, bearing na gasketi, na silinda kama imelika ichongwe, ama utafute mtumba wa Japani wa modeli ileile, D722 kwa D722, D902 kwa D902, na usome namba iliyogongwa kwa chuma cha bloku, sio stika. Hii orodha ya chini ni ya wale wa belti na pawa tila.

Kitu kimoja kitakuokoa na maneno matamu ya dukani: namba ya modeli inasema ukweli hata stika ikidanganya. Ile 1 ya kwanza ni silinda moja, na zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita. 188F ni silinda moja ya milimita 88, na hiyo F ni ya kupozwa na hewa. 186F ni 86. R180 ni 80, S195 ni 95, ZS1115 ni 115. Sasa mtu akikuambia R180 yake ni hosipawa 12, shukuru uende duka lingine, juu hiyo ni cc 402 na inatoa 7 ama 8 kwa mizunguko 2,600, basi.

Alafu kuna hii ya Nairobi yetu ambayo wauzaji hawasemi. Tuko juu, karibu mita 1,800 kutoka baharini, hewa ni nyepesi. Honda wenyewe wameandika kwa vitabu vya injini zao kwamba nguvu inapungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda, sasa piga hesabu, hapa mjini ushapoteza kama moja ya tano kabla hata haujaweka gia. Ile injini yenye stika inasema hosipawa 13 inabaki kama 10. Limuru ni juu zaidi, mita 2,000 na kitu, inapungua tena. Dizeli isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini, pia inaumia hivyo hivyo. Na kwa petroli kuna shida ya pili, mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa, plagi inakuwa nyeusi, inakunywa vibaya, dawa yake ni kuwekewa jeti ndogo kwa kabureta, kitu kidogo sana cha shaba ambacho fundi anaeza badilisha ukingoja.

Namba moja: S195 ama ZS1100, dizeli ya kupozwa na maji

Hii ndiyo ningeambia ndugu yangu anunue kama fremu yake inaweza kuibeba. S195 ni cc 815, hosipawa 12, lakini inazitoa kwa mizunguko 2,000 tu, na hapo ndipo siri iko. Nguvu yake ya kusokota shafti ni kama Nm 42, na ile petroli ya aina ya GX390 yenye inauzwa kama 13 ni kama Nm 26 na nusu. Ukiangalia hosipawa unaona petroli imeshinda, ukiingia udongo mweusi wa Ruai, Kamulu ama Kitengela mvua ikiwa imenyesha kidogo, petroli inazima na S195 inanguruma tu inaendelea. ZS1100 ni cc 903, hosipawa 15 hadi 16 kwa 2,200, ni kaka mkubwa wa hiyo hiyo. Majina ni mengi, Changchai, Changfa na mengine, lakini muundo ni ule ule mzee na ndio maana pistoni, nozeli na gasketi zake ni rahisi kupata, na silinda iko na laini, bomba la ndani la kutoa, ikiisha unachomoa unaweka nyingine, bloku inabaki.

Ubaya wake ni uzito, karibu kilo 145, na inatetemesha. Kama fremu ni ya chuma chepesi ipeleke kwanza Kariobangi Light Industries waiongezee chuma na wachomelee vizuri. Ile ya tanki wazi maji yanachemka na kupotea kama mvuke, hiyo ni kawaida yake, wewe ongeza maji usingoje yaishe. Na wakati wa kuiwasha kwa hendeli, weka dole gumba upande mmoja na vidole vingine, usiizungushie hendeli, juu ikirudi nyuma ghafla inavunja hicho kidole. Waambie na watoto na mtu wa shamba, usidhani wanajua.

ZS1115 yenyewe wachana nayo kwa tila ndogo, cc 1,194 itamaliza giaboksi.

Namba mbili: 188F ya petroli

Kama trakta yako ni nyepesi, inakata nyasi, inavuta kitrela, inalima udongo mwekundu wa Kikuyu uliolainika tayari, basi hii inatosha na ndiyo bei rahisi zaidi hapa. Imefuata muundo wa Honda GX390, cc 389, kama kilo 31, mtu mmoja anaibeba, na spea za GX390 nyingi zinaiingia.

Hapa sasa ndio watu wanaumia, na ni kwa shafti. Injini hizi zinakuja na shafti za aina nyingi na zote zinafanana ukiwa umesimama mbali. Kuna ya inchi moja, hiyo ni milimita 25.4, na kuna ya 25. Tofauti ni chini ya nusu milimita, puli, lile gurudumu la belti, ya 25 haitaingia kwa 25.4 hata ugonge, na puli ya 25.4 kwa shafti ya 25 itaingia vizuri, utafurahi, alafu itacheza kidogo kidogo mpaka ikule ile kii, kipande cha chuma kinachoshika puli kwa shafti, na mfereji wake na shafti yenyewe iharibike. Kuna zenye shafti ya nyuzi, hizo zimetengenezewa pampu ya maji. Kuna zilizochongoka mbele, hizo ni za jenereta. Hizo mbili usinunue hata kwa bei ya kutupa. Nenda na puli yako ya zamani mkononi na umwambie fundi apime na venia, kile kifaa cha kupimia upana, mbele yako, asikuambie kwa macho.

Hizi pia hazipendi mteremko mkali juu oili inarushwa tu ndani na kijiko. Ukipita digrii 20 hivi inakosa oili mahali inapotakikana, na kama iko na kile kisensa cha oili itazima.

Namba tatu ni R180, dizeli ya maji ndogo, nzuri kwa tila ya bustani tu, haina mengi ya kusema. Namba nne ni 186F, dizeli ya hewa, cc 406, kama kilo 48. Watu wanaipenda juu ni nyepesi na ni dizeli, lakini inafanya kazi kwa mizunguko 3,600, ina kelele ya kuchosha masikio, na mimi singeilimisha siku nzima kwa jua la Januari. Ukiinunua uliza kama iko ile yenye shafti ya nusu mwendo, inatoka na 1,800, inafaa trakta zaidi.

Namba tano ni petroli ya silinda mbili, aina ya 2V78F, cc 688. Injini tamu, laini, lakini hapa spea zake si za kila duka na bei yake inakaribia dizeli ya kazi.

Ya mwisho kabisa ni injini ya boda. Najua inafanywa. Injini ya pikipiki ya hewa imezoea kupigwa na upepo wa barabarani, kwa trakta inayotembea mwendo wa mtu hakuna upepo, inachemka, oili inakuwa maji, inanok.

Ukibadilisha aina, badilisha na puli. Kama ulikuwa na S195 ya 2,000 na unaweka petroli ya 3,600, puli ya inchi 7 kwa injini inakuwa kama inchi 4, bila hivyo giaboksi itakimbizwa karibu mara mbili. Angalia pia injini ya zamani ilikuwa inazunguka upande gani kabla haujaitoa.

Dukani iwashwe ukiiona. Nyingi zinasafirishwa bila oili ndani, kwa hivyo hakikisha imewekwa kabla mtu hajavuta kamba, 10W-30 kwa petroli, 15W-40 kwa dizeli. Oili ya kwanza imwage baada ya masaa 20, ama hata mapema, utaona unga wa chuma unang'aa ndani yake na heri ukae kwa ndoo kuliko kwa bearing. Risiti iandikwe modeli na namba ya injini, sio "injini moja" tu. Na kama trakta imesajiliwa, namba ya injini iko kwa logbook, basi peleka hiyo risiti NTSA wabadilishe rekodi kabla haujafikiria kuiuza ama kuichukulia bima.