Dodoso la AUDIT kwa Kiswahili: nyota 4, na ugomvi wangu na swali la 2

Mimi ni nesi wa zahanati huku Uchagani, na kwa habari ya pombe hili ndilo dodoso ninalolishika. Ni la Shirika la Afya Duniani, halilipiwi, na mwongozo wake unapakuliwa mtandaoni. Maswali ni 10, alama zinaanzia 0 hadi 40, na anayefikisha 8 unavuta kiti mzungumze.

Halikutungwa kwa ajili ya wazungu tu kisha tukaletewa. Kati ya nchi 6 zilizotumika kulijaribu, Kenya ilikuwemo. Tena watafiti wa hospitali ya KCMC pale Moshi walilipima kwa Kiswahili kwa wagonjwa walioumia kichwa. Idara ya dharura ya hospitali hiyohiyo ina mpango wa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, nesi anakaa na majeruhi na kuzungumza naye kuhusu unywaji wake. Anayeugulia mguu hasikii kama yule aliyeko kilabuni, nawaambia.

Sasa swali la 2: siku unayokunywa, unakunywa vinywaji vingapi? Kwa mwongozo, kinywaji kimoja ni gramu 10 za kilevi halisi. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 inakaribia gramu 20, yaani chupa moja ni vinywaji viwili, na chupa tatu tayari zimekuingiza kwenye swali la 3, linalouliza ni mara ngapi unakunywa vinywaji 6 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Wanaume wakisikia hesabu hiyo wanabisha mpaka basi.

Na hiyo ni bia, yenye asilimia zake kwenye lebo. Mbege, pombe yetu ya ndizi, je? Kila mama ana ndizi zake, ulezi wake na msesewe wake (gome la kuitia uchungu), na iliyolala si kali sawa na ya leo. Meku (mzee) mmoja aliniuliza, "Mwanangu, nihesabu kibuyu kilichopita mkononi mwangu au nilichomaliza mimi?" Walikuwa wanazungushiana msibani. Kalamu ikabaki hewani.

Mwongozo unaruhusu kutumia mifano ya vinywaji vya mahali ulipo, kwa hiyo siku hizi naweka kopo la lita moja mezani, mtu ananionyesha kwa kidole ameishia wapi. Bado ni kukadiria, lakini afadhali. Gongo naiulizia mwisho kabisa, mlango umefungwa, maana sheria inaikataza na ukianza nayo mtu anageuka bubu.

Jambo jingine ni swali la 10, kama kuna ndugu, rafiki au daktari aliyewahi kukushauri upunguze. Mama watoto akiwepo anajibu yeye kabla baba hajafungua mdomo, na alama 4 zinaandikwa papo hapo. Muulize baba peke yake kwanza, halafu ndipo umkaribishe mama.