Uzoefu wangu: kutembelea Back to Backs, Birmingham

Nyota tano. Ukipita Birmingham, Uingereza, na una nafasi ya kuona kitu kimoja tu, nenda kwenye kona ya Hurst Street na Inge Street ukaone Back to Backs, yaani nyumba za zamani zilizojengwa mgongo kwa mgongo. Weka nafasi mapema, maana huingii peke yako. Mnatembezwa na mwongozaji, kikundi kidogo, kwa sababu vyumba vyenyewe havibebi watu wengi.

Ukiwa barabarani unaona safu ya nyumba za matofali ya kuchoma, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Maajabu yako nyuma. Kila nyumba ina kina cha chumba kimoja tu, chumba juu ya chumba mpaka ghorofa ya juu, na ukuta wake wa nyuma ndio huohuo wa nyumba nyingine inayotazama uani. Madirisha yako upande mmoja, upepo ukiingia hauna pa kutokea. Niliuwekea mkono ukuta ule nikawaza: hapa wanalala hawa, na hapohapo, upande wa pili, wanalala wengine.

Zilijengwa kati ya 1802 na 1831, viwanda vikivuta watu mjini na wenye nyumba wakitaka kodi nyingi kwenye kipande kidogo cha ardhi. Ukuta mmoja kwa familia mbili uliokoa matofali na nafasi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mji huu ulikuwa bado na nyumba zaidi ya 40,000 za aina hii. Leo kundi lililobaki kuzunguka ua wake ni hili moja, na shirika la urithi la National Trust linapokea wageni hapa tangu 2004.

Uani kuna vyoo na chumba cha kufulia, vyote vya kutumia kwa pamoja. Aliyekulia nyumba ya kupanga Tanga au Mombasa haelezwi kitu hapo: zamu ya kufua, foleni ya asubuhi, jirani anayesikia kila neno.

Ndani, kila nyumba imepangwa kwa enzi yake, kuanzia miaka ya 1840. Ya mwisho ilinigusa kuliko zote: duka la George Saunders, fundi cherehani kutoka St Kitts, kisiwa cha Karibea, aliyeshona hapo mpaka 2001. Sisi tuliohamia Uingereza ni nadra kukuta mhamiaji mwenzetu amehifadhiwa hivi, kwa jina na kazi yake.

Ngazi ni nyembamba, zina mwinuko mkali na zinapinda. Mwenye shida ya magoti aulize kabla ya kulipa.