Cherehani ya Singer 4423: twende moja kwa moja kwenye matundu ya vifungo

Habari zenu jamani, karibuni tena mezani kwangu. Aina 23 za mishono, kasi ya mishono 1,100 kwa dakika, hayo yote yako kwenye boksi, mtayasoma. Mimi nataka tundu la kifungo, maana shati zuri huharibikia hapo hapo, kazi imeshaisha na mteja yuko mlangoni.

Tazameni huu mguu mrefu wa matundu, unaokandamiza kitambaa chini ya sindano. Kifungo chenyewe nakiweka hapa nyuma, nakibana. Basi, kipimo kimeshapatikana! Sasa nashusha hiki kimkono, kikae katikati ya haya masikio mawili. Ukikisahau, mashine haijui pa kugeukia. Nakanyaga pedali... angalieni sindano... inaziba ncha hii, inakwenda upande mmoja, inaziba ile, inarudi. Sijagusa kitu! Ngoja nipige la pili. Na la tatu. Naweka rula: sawa, sawa, sawa. Shati moja tu lina matundu saba, nane, halafu mikono bado!

Cherehani nyingine, Janome 2212, tundu lake ni la hatua nne, unazungusha swichi mwenyewe kila hatua na urefu unafuata alama ya chaki. Mkono uliozoea unatoa tundu safi kabisa. Ila sare za shule zikirundikana mwezi wa kwanza, utachoka.

Bei ya hii Singer? Iko juu kuliko ile cherehani nyeusi ya Butterfly, ndiyo maana wengi mnaniulizia ya mtumba kutoka Marekani. Someni kibandiko kwanza! Ya kule ni volti 120, umeme wetu 230. Bila transfoma, mota inaungua. Mimi niliunguza moja, na muuzaji alikuwa ameniapia, "chomeka tu, dada."

Haya, kwenye kola sasa. Mnaona? Mguu umepanda kwenye mshono mnene, umeinama, nyuzi zimerundikana mahali pamoja. Hapa inaniudhi sana. Tundu la kola narudi kwenye cherehani nyeusi, nafunga kile kifaa cha zamani chenye vibao vya chuma. Chenyewe kinashika kitambaa na kukisogeza huku na huku, sindano inapanda na kushuka tu. Linatoka nono, limejaa! Wiki ijayo nakifungua chote mbele yenu, msikose.

Na mkichana tundu kulifungua, chomekeni pini mwisho wa tundu kwanza, kifumulio kisipitilize. Hivi.