Krimu za Mastaa za Kuondoa Makunyanzi: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Mwaka 2009 ASA, mamlaka inayosimamia matangazo Uingereza, ilipiga marufuku tangazo la krimu ya macho ya Olay lenye sura ya Twiggy, mwanamitindo aliyetamba tangu miaka ya 1960. Picha ilikuwa imerekebishwa kwa kompyuta palepale pembeni mwa macho, ambako krimu ilidaiwa kufanya kazi. Mwaka 2011 yakafuata matangazo yenye sura za Julia Roberts na Christy Turlington, na 2012 la Rachel Weisz. Kwa hiyo hapa sura ya staa haina alama hata moja. Nimepanga kwa kuangalia kilichomo ndani ya chupa.

Namba moja: mafuta ya kukinga jua. Najua si jibu ulilolitaka. Lakini huko Nambour, Australia, watafiti waliwafuatilia watu wazima 903 walio chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu, na matokeo yakatoka 2013: waliopaka kila siku, ngozi zao zilizeeka kwa asilimia 24 pungufu kuliko waliopaka wanapojisikia. Sijaona chupa ya staa yenye ushahidi wa namna hiyo. Chukua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, na hakikisha imeandikwa kuwa inakinga miale ya jua ya UVA pia, maana UVA ndiyo hasa inayoleta makunyanzi. Zenye zinki nyingi huacha weupe kwenye ngozi nyeusi. Jaribu kwanza mkononi, nje kwenye mwanga, si chini ya taa za duka. Kama tatizo lako ni madoa kuliko makunyanzi, na kwa wengi wetu ndivyo ilivyo, tafuta yenye rangi ya kahawia iliyowekwa oksidi ya chuma, kwa sababu hata mwanga wa kawaida huchochea madoa. Halafu tuache kuyaita mafuta haya anasa ya wazungu: pale hospitali ya KCMC, Moshi, yanatengenezwa kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao ni kinga ya saratani.

Namba mbili: tretinoini, kisha retinoli. Tretinoini ni dawa. Marekani iliidhinisha krimu yake kwa makunyanzi madogo mwaka 1995, baada ya majaribio ya kweli. Uipate kwa cheti cha daktari wa ngozi. Retinoli ni ndugu yake mpole, huuzwa bila cheti na hufanya kazi polepole zaidi. Anza usiku, mara mbili kwa wiki, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Ngozi nyeusi ikiungua kwa haraka zako, weusi unaobaki utakusumbua kuliko hayo makunyanzi. Mjamzito asiguse yote mawili.

Namba tatu: gliserini na vaselini. Ngozi ikishiba maji, mikunjo midogo hujificha kwa saa kadhaa. Ndicho kinachofanywa na sehemu kubwa ya krimu za bei mbaya. Vitamini C naiweka hapahapa: inasaidia, ila ikishageuka kahawia ndani ya chupa, imekwisha hiyo.

Namba nne: chupa za mastaa zenyewe. Si sumu, na nyingine zinapendeza kupaka. Tatizo ni bei na maneno. Kim Kardashian alipozindua chapa yake ya vipodozi, SKKN, mwaka 2022, seti nzima ya bidhaa tisa ilikuwa dola 630. Seramu ya Jennifer Lopez ilitoka kwa dola 79 kwa mililita 30, huku simulizi yake ikiwa ni mafuta ya zeituni. Hapo geuza chupa usome nyuma. Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi. Vilivyo chini ya asilimia moja vinaweza kupangwa vyovyote. Tafuta jina phenoxyethanol. Ni kihifadhi ambacho Ulaya hakiruhusiwi kuzidi asilimia moja. Kiungo kinachosifiwa kwenye tangazo ukikikuta baada ya jina hilo, ujue hakizidi asilimia moja, na mara nyingi ni cha kunusisha tu.

Na madai yake? “Hupunguza mwonekano wa makunyanzi” maana yake yanaonekana kupungua, si kwamba yamepungua. Kampuni ikidai inabadilisha mwili wenyewe, sheria ya Marekani inaihesabu bidhaa hiyo kuwa dawa. L'Oréal ilijaribu kwenda mbali zaidi, ikadai seramu ya Génifique inaamsha jeni, na mwaka 2014 ikalazimika kufikia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani, FTC, iachane na madai hayo. Ukiona “asilimia 90 ya wanawake walikubali”, uliza: wangapi, kwa wiki ngapi, wakilinganishwa na nini? Mara nyingi ni wanawake wachache waliopewa krimu ya bure wakajaza dodoso. Ukumbuke pia kwamba staa ana daktari wake wa ngozi, na sindano na leza hazitajwi kwenye tangazo.

Mkiani kabisa: makopo ya mtandaoni yanayouzwa kwa video ya staa ambaye hata hajui anatangaza, na kila kinachoahidi kuondoa makunyanzi na kung'arisha ngozi kwa wiki moja. Huo ni mkorogo uliovaa suti. Ndani yake mnaweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au steroidi, na steroidi hukondesha ngozi mpaka mishipa ionekane. Tanzania vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, kwa hiyo kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala orodha ya viungo lirudishe kwenye rafu. Maneno mercury, calomel au mercurio yakiwepo, usinunue. Vilevile maelezo yakikuonya usiishikishe krimu na dhahabu, fedha au alumini, hiyo ni dalili ya zebaki hata kama hawakuitaja.